Raha ya Raia Katika Miji ya Kompyuta

Mwaka 1964, katika wilaya ya Westchester iliyo kaskazini mwa jiji la New York, mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Mabel Addis alishirikiana na William McKay, mtunga programu wa kampuni ya IBM, wakabuni mchezo uliomweka mtoto wa darasa la sita juu ya kiti cha enzi cha Lagash, mji wa Sumeri ya kale, miaka ipatayo 3500 kabla ya kuzaliwa Masihi, na kumtaka aamue, msimu baada ya msimu, ni kiasi gani cha nafaka kiliwe na watu wake, kiasi gani kirudi ardhini kuwa mbegu, na kiasi gani kiwekwe ghalani kwa siku za dhiki. Hapakuwa na picha ya mji wala ya mtu. Taarifa za msimamizi wa kasri na amri za mfalme zilichapwa juu ya karatasi na mashine ya taipu iliyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa mbali na darasa. Walakini katika karatasi zile kavu lilikuwamo swali ambalo kila mchezo wa kujenga na kutawala miji umelirithi tangu siku hizo, nalo ni hili: mtawala atakaye mji wake ukue ana wajibu gani kwa watu ambao pasipo wao mji si chochote ila kuta? Nia yangu ni kuifuata tarehe ya swali hilo kwa takriban miaka sitini, na kutazama hususan jambo moja, kama raia wa miji hiyo ya kubuni waliulizwa hali zao, au walihesabiwa tu.

Mrithi wa kwanza wa mchezo wa Addis aliwahesabu tu. Mwaka 1968 Doug Dyment, aliyekuwa na kampuni ya kompyuta ya Digital, alipopata habari za mchezo wa Sumeri aliutunga upya kwa muhtasari, kisha David Ahl akaufasiri kwa lugha ya BASIC na kuutia katika kitabu chake cha michezo kilichotoka mwaka 1973, ukaenea duniani kwa jina la Hamurabi. Mfalme huanza na watu 100, eka 1000 za ardhi, na vipimo 2800 vya nafaka ghalani, naye hupewa miaka 10 ya kutawala. Kila mtu anahitaji vipimo 20 kwa mwaka ili aishi, wala hawezi kulima zaidi ya eka 10. Panya huingia ghalani bila kutazamiwa, na tauni huweza kuchukua nusu ya watu kwa pigo moja. Raia hao hawana furaha wala huzuni, wana njaa au shibe, na mauti ndiyo malalamiko yao ya pekee. Sheria yasema kwamba mfalme ataondolewa kwa aibu endapo katika mwaka mmoja atawaua kwa njaa zaidi ya asilimia 45 ya watu wake, maana yake ni kwamba aliyeua watu 40 katika 100 ataamka mwakani akiwa bado mfalme. Muda wake ukiisha, kompyuta humfananisha na Nero ikiwa wengi wamekufa na ardhi imepungua, au humtaja pamoja na Charlemagne na Jefferson ikiwa amewalisha na kuwaongezea eka. Naiona hukumu hiyo kuwa ni pungufu mno, kwani hupima utawala kwa maiti na mashamba. Lakini siidharau, maana shibe ndiyo haki ya kwanza ya raia, na mchezo usioanza hapo ungelikuwa umejenga ghorofa pasipo msingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Don Daglow alipiga hatua nyingine katika mchezo wake Utopia, uliotungwa kwa mashine ya Intellivision ya kampuni ya Mattel. Watawala wawili walikaa katika visiwa viwili, kila mmoja akijenga nyumba, shule, hospitali na viwanda, na ushindi ulipatikana kwa kulimbikiza alama zilizotokana na ustawi wa watu, ilhali michezo mingine ya zama hizo ilimpa ushindi yule aliyempiga risasi mwenziwe. Aliyewasahau watu wake aliwaona waasi wakitokea kisiwani mwake. Jirani naye aliruhusiwa kutoa dhahabu kuwagharimia waasi hao, na hilo laonyesha kwamba mtungaji aliifahamu siasa ya dunia yake.

Hapo ndipo tunapofika kwa Will Wright, na sharti tukae naye kitambo. Mwaka 1984 Wright alitoa mchezo wa vita uliohusu helikopta iliyoangusha mabomu juu ya visiwa, na katika kuutunga alitambua kwamba kazi ya kuvichora visiwa hivyo, kuvitia barabara na viwanda, ilimpendeza kuliko kazi ya kuvibomoa. Akaanza kusoma vitabu vya wanaopanga miji, na katika hivyo akakutana na kitabu cha Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT, kilichotoka mwaka 1969. Kitabu hicho kilizaliwa kwa sadfa: John Collins, aliyekuwa ametoka tu katika umeya wa Boston, alipewa ofisi jirani na ya Forrester, na mazungumzo ya meya mwenye uzoefu wa taabu za mji na mhandisi mwenye ujuzi wa mitambo yakazaa mji mzima wa hesabu, ambamo idadi ya watu, nyumba na ajira husukumana kwa milinganyo. Natija aliyoitoa Forrester iliwashtua wengi, kwani alidai kwamba serikali ikijenga nyumba za bei nafuu kwa maskini itawavuta watu wengi kuliko kazi zilizopo, na mji utazidi kudhoofika. Wapinzani wake walijibu kwamba mji wake wa hesabu haukuwa hata na vitongoji, na kwamba mji usio na majirani haupo duniani.

Wright hakuwa akiandika sera, alikuwa akitunga mchezo. Lakini aliyejifunza kujenga kwa milinganyo ya mtu hurithi pia sehemu ya mawazo yake. Wachapishaji waliukataa mchezo huo kwa kuwa haukuwa na mshindi wala mshinde, mpaka Wright na Jeff Braun walipoanzisha kampuni ya Maxis mwaka 1987, na mwaka 1989 SimCity ikatoka. Mchezaji ni meya. Hutenga ardhi ya makazi, ya biashara na ya viwanda, huleta umeme kwa mtambo wa makaa ya mawe au wa nyuklia, hutandaza barabara na reli, na hukata kodi. Nyumba hazijengi yeye. Watu huja wenyewe wakiona pana kazi, mwanga na usalama, na huhama wenyewe kodi ikipanda au moshi ukizidi, na jumba lililokuwa likimeremeta hubaki gofu. Katika uhamaji huo muna adabu kubwa ya siasa: meya hawezi kumlazimisha mtu kukaa.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na dirisha ambalo meya aliweza kulifungua akaona asilimia ya raia wanaosema kwamba anafanya kazi nzuri na asilimia ya wanaokataa, na chini yake matatizo makubwa wanayoyataja: uhalifu, moshi, gharama ya nyumba, kodi, msongamano wa magari, ukosefu wa kazi, moto. Kwa hiyo waliulizwa. Lakini katika mchezo wa kawaida hapakuwa na uchaguzi wa kumwondoa meya asiyejali, na majibu yao yalikuwa ni ushauri tu. Miongoni mwa mitihani iliyofungashwa na mchezo, pamoja na tetemeko la San Francisco la 1906 na mabomu ya Hamburg ya 1944, ulikuwamo mji mmoja wa kubuni wa mwaka 1900 ambao adui yake hakuwa moto wala maji, bali uchovu wa kukosa shughuli. Na meya alipewa miaka 30 kuutoa katika usingizi huo. Sijui heshima kubwa zaidi kwa raia kuliko kukiri kwamba mtu aliyeshiba na kulala salama aweza bado kuwa na haja ya jambo jingine.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, Sid Meier na mwenziwe Bruce Shelley wa kampuni ya MicroProse walitoa Civilization, mchezo wa dola nzima inayoanza mwaka 4000 kabla ya Masihi na kijiji kimoja. Walikabiliwa na mushkili ambao Wright hakuwa nao, kwa sababu mtawala wa dola hana mpaka mmoja wa kujengea, na kama hapana kinachomzuia atajaza nchi miji, aliye na miji mingi amshinde aliye na michache, na mchezo ukawa mbio tupu. Furaha ya raia ndiyo iliyofanywa hatamu ya farasi huyo. Kila mji ulionyesha wakazi wake kwa safu ya vijitu vidogo, wenye furaha, walioridhika na wenye huzuni. Na mji ulipopita idadi fulani ya watu, waliozaliwa baadaye walizaliwa na huzuni. Wenye huzuni walipowazidi wenye furaha, mji ulitumbukia katika ghasia, kazi zikasimama na ushuru usikusanywe mpaka utulivu urejee.

Dawa zilizowekwa mikononi mwa mtawala zinastahili kuangaliwa vema, kwa kuwa ndani yake muna falsafa ya utawala wa nyakati zote. Aliweza kujenga hekalu, soko, uwanja wa mapambano, na hatimaye kanisa kuu, na kila jengo likatuliza kadiri yake na kudai gharama za kulitunza. Kama ni mfalme au dikteta, aliweza kuweka askari mjini, na hofu ya mkuki ikahesabiwa kuwa ridhaa. Aliweza kumtoa mkulima shambani akamfanya mtumbuizaji, na hapo furaha ililipiwa kwa nafaka. Au aligawa mapato ya biashara mafungu matatu, moja la hazina, moja la elimu na moja la anasa, akalizidisha hilo la mwisho mpaka nusu ya wakazi wafurahi na pasiwe na mwenye huzuni hata mmoja, na mji ufanye sherehe ya kumpenda mfalme. Katika toleo la pili la mwaka 1996, mji uliosherehekea chini ya jamhuri au demokrasia na wenye chakula cha kutosha uliongezeka mkazi mmoja kila zamu, hata wachezaji hodari wakafanya desturi ya kumwaga anasa kwa zamu chache ili miji yao ivimbe. Na aliyechagua demokrasia alifungwa kwa namna nyingine: askari wake waliokwenda vitani mbali walileta huzuni nyumbani, na ghasia zikidumu serikali yenyewe huanguka.

Nautukuza mchezo huo kwa kuwa uliwafundisha mamilioni ya vijana kwamba ushindi wa nje huweza kuzaa msiba wa ndani, na kwamba demokrasia hulipa vizuri lakini haivumilii dhulma. Ila siwezi kuuficha upungufu wake. Kijitu chenye huzuni hakikusema kinalilia nini. Aliyekosa maji, aliyefiwa na mwanawe vitani na aliyechukia kodi walikuwa na uso ule ule, na hekalu moja liliwatuliza wote. Huko ni kuhesabu huzuni, si kuisikiliza.

Waliotengeneza Caesar III mwaka 1998, kampuni ya Impressions, walilitatua jambo hilo kwa njia nyepesi na nzuri. Katika mji wao wa Kirumi, huduma haienei kwa hesabu ya masafa bali huletwa na mtu anayetembea: mchuuzi wa sokoni akipita mlangoni na kapu la chakula, kuhani akipita, tabibu akipita, ndipo hema linapogeuka kibanda, kibanda kikawa nyumba, nyumba ikawa kasri. Mtaa usiopitwa na mtu hudidimia. Na mtawala akimbonyeza mpita njia yeyote, huyo hujibu kwa sauti: kazi hakuna, mishahara ya mji huu ni midogo kuliko ya Roma, miungu imesahauliwa, au hapa pazuri sitahama. Kuna kanuni nyingine ambayo sijaiona ikitolewa kwa uwazi hivyo kwingine, kwamba nyumba ikipanda hadi kuwa jumba la tajiri, waliomo huacha kufanya kazi, hulipa kodi kubwa lakini mikono yao hutoweka viwandani na mashambani, hivyo kwamba mtawala anayewapandisha watu wake wote daraja bila hesabu huamka siku moja akiwa na mji wa fahari usio na mtu wa kuchota maji.

Kisha, mwaka 2001, ikaja Tropico ya kampuni ya PopTop, iliyokiweka kiti cha utawala katika kisiwa cha Karibi tangu mwaka 1950. Kila mkazi wa kisiwa hicho ana jina lake, jamaa zake, kazi yake na ujira wake, na kwa kila mmoja hupimwa mbali mbali chakula, makazi, matibabu, ibada, burudani na uhuru, kwa kuwa mcha Mungu hatulizwi na ukumbi wa dansi wala mpenda uhuru hanunuliwi kwa supu. Muda wa uchaguzi ukifika hupiga kura. Rais aweza kuziiba kura hizo, aweza kuficha fedha katika benki ya Uswisi, lakini aliyedhulumiwa huenda msituni na bunduki, na jeshi lisiporidhika hupindua. Kwa hukumu yangu huo ndio upeo wa tarehe hii yote, kwa sababu hapo pekee, tofauti na michezo yote iliyotangulia, raia aliulizwa kwa jina lake, na jibu lake likawa na nguvu ya kumwondoa aliyeuliza.

Laiti mambo yangelipanda moja kwa moja kutoka hapo. Lakini sanaa haifuati ngazi. Civilization ya nne, ya mwaka 2005, iliitenga siha na furaha, ikaruhusu mtawala wa dola ya utumwa kuwatoa mhanga wakazi ili jengo likamilike upesi, na wale waliobaki hawakusahau ukatili huo kwa zamu nyingi. Ndio mchezo ambao masikio ya Waswahili huutambua kabla ya macho, kwani wimbo wake wa kufungulia, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, nao mwezi wa Februari 2011 ulikuwa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Toleo la tano, la mwaka 2010, likaikusanya furaha ya dola nzima katika tarakimu moja juu ya kioo. Kila mji mpya na kila mzaliwa mpya aliipunguza, na ikishuka chini ya sifuri ukuaji hudumaa. Kama hatamu ilifanya kazi yake. Lakini mtoto aliyezaliwa alionekana na mtawala kama hasara, na huzuni ya mji ulioonewa ilifutwa na hariri iliyofika mji mwingine. Hapo raia hakuulizwa wala hakuhesabiwa peke yake. Aliyeyushwa katika jumla. Sikubaliani na wanaousifu mpango huo kwa wepesi wake.

Kampuni ya Colossal Order ya Tampere, Finland, ilirudisha sauti za wakazi katika Cities: Skylines ya mwaka 2015, kwa ujumbe mfupi mfupi uletwao na ndege wa buluu. Uzito zaidi umo katika Frostpunk, iliyotolewa mwaka 2018 na wasanii wa 11 bit studios huko Warsaw, ambamo wakimbizi wa baridi kuu wameuzunguka mtambo mmoja wa makaa ya mawe, na mtawala hupimwa kwa mizani mbili, matumaini na manung'uniko. Hutunga sheria moja baada ya nyingine, kama watoto wafanye kazi, kama zamu za kazi zirefushwe, kama chakula kichanganywe na unga wa mbao. Na kila sheria ni ya dharura, na dharura haiishi. Yule aliyeuokoa mji kwa kuvuka mipaka yote huulizwa mwishoni kama wokovu huo ulistahili gharama yake. Wapoland ni watu walioyaonja maisha chini ya watawala waliodai kujua maslahi ya umma, na naona ujuzi huo ndani ya kila sheria ya mchezo wao.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Katika Civilization ya sita, ya mwaka 2016, mji hautulii mpaka wakazi wapate starehe za kutosha, na starehe nyingi hutokana na bidhaa za anasa. Miongoni mwa miji huru ambayo dola hugombea kuwa walinzi wake ipo Zanzibar, na mlinzi wake hupata mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana penginepo katika mchezo huo, kila moja ikileta starehe 6. Ni heshima kwetu kwamba watungaji wa Marekani walikikumbuka kisiwa hicho. Walakini tarehe ya karafuu ni kubwa kuliko starehe 6: miti hiyo ilienezwa Unguja na Pemba katika karne ya 19 chini ya Sayyid Said na wanawe, kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara, na utumwa huo haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Mchezo huipeleka furaha ya karafuu kwa raia wa mlinzi, popote walipo. Aliyeupanda mti, aliyepanda juu kuchuma na aliyeanika jamvini hawamo katika hesabu.

Wapo leo katika Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Kampala vijana wanaojua kuandika programu, na wengi wao wamelelewa na michezo hii niliyoitaja. Nawasihi watutungie mji wa pwani yetu, wenye bandari, mashamba na mitaa yake, ambamo mchuma karafuu ana jina, ana ujira, na ana kura.